Kisanduku cha Ocanto

Anko wangu Arlis Vandeveer anasoma mita za maji. Ukimwambia mtu hivyo anasubiri uendelee, lakini hakuna kuendelea, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mji wetu wa Lowder, Indiana, una mita elfu mbili na ushee, na anazijua zote. Ukipita naye mtaani hakwambii pale anakaa fulani, anakwambia pale mfuniko umebana. Ana kofia moja, gari moja na sentensi tatu: "Eeh," "Ndiyo hivyo," na "Tutaona." Nilishawahi kumtengenezea stika za hizo sentensi, familia nzima inazitumia kwenye grupu. Mwenyewe hayumo. Simu yake ni ya kukunja, na akiikunja ujue maongezi yameisha hata kama wewe bado.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtoa Lowder: viwanja vya besiboli ya daraja la chini. Siyo ile ligi kubwa ya kwenye televisheni yenye wachezaji wenye majumba. Hii ni ya vijana wanaokaa kwenye basi kwa saa tisa, wanalala watatu chumba kimoja, na kila asubuhi wanaangalia simu kama wamepandishwa au wamerudishwa kwao. Timu zenyewe zina majina utadhani aliyeyatunga alikuwa na homa. Kambale. Wafyatua Matofali. Kuna moja inaitwa Bata Wenye Hasira, nimeangalia, ni kweli.

Yeye na mkewe, anti Neva, walianza kuzunguka viwanja mwaka uleule waliooana. Anti Neva alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watoto mia mbili kwenye foleni, na sheria za safari alizitunga yeye. Zilikuwa mbili. Ya kwanza, mnakaa mpaka mchezaji wa mwisho atoke, mvua isiwe kisingizio. Ya pili ni daftari.

Daftari la mchezo lina mistari na visanduku. Kila mpigaji ana mstari wake, kila raundi ina kisanduku chake, na chochote kinachompata mpigaji kwenye raundi hiyo unakiandika mle kwa penseli: kadakwa, kapewa kituo cha kwanza bure, kakimbia, kaishia wapi. Wapigaji wanakuja kwa zamu, wa kwanza mpaka wa tisa, kisha wanaanza tena, na zamu haivunjwi. Anko aliandika upande wa wageni, anti aliandika wenyeji. Na sheria ya anti ilisema hivi: kisanduku hakibaki kitupu, na hakiandikwi kitu ambacho hamkukiona kwa macho yenu. Kimoja kikiharibika, uwanja hauhesabiki. Mnarudi siku nyingine, mnaanza upya.

Mnadhani natia chumvi. Mwaka mmoja kule Ohio anti Neva alishikwa na chafya, anko akawa anamtafutia kitambaa, wakapitwa na mpira mmoja. Mmoja. Wiki iliyofuata waliendesha gari kwa saa tano kwenda kurudia. Anti alilala njia nzima, akaamka pale langoni, akanoa penseli.

Walijipangia viwanja kumi na sita, ligi nzima ya ukanda wetu. Walifika kumi na tano. Februari, siku ya Jumanne, anti Neva akaanguka kwenye foleni ya duka la dawa na hakuinuka. Ijumaa tukazika. Jumatatu anko alikuwa barabarani na tochi yake, anafunua mifuniko.

"Hajalia," mama alikuwa ananiambia kila siku. Mama ni dada yake.

"Mama, kuna watu hawalii."

"Siyo kulia tu. Hajafanya chochote. Nimempelekea pai, kasema eeh. Nimemwambia nguo za Neva tuzipeleke kanisani, kasema eeh. Nikamwambia basi zikae, kasema eeh. Laney, yule mtu ningemwambia nyumba inaungua angesema eeh."

Agosti ikatangazwa kwamba Kambale wa Pruitt Falls, Illinois, wameuzwa na wanahamishiwa jimbo jingine. Uwanja wao unavunjwa. Mechi ya mwisho Jumapili ya kwanza ya Septemba, saa saba mchana. Na Pruitt Falls ndiyo iliyokuwa namba kumi na sita. Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au basi, hakuna cha wiki ijayo. Anko akampigia mama, akasema anakwenda. Mama akasema hawezi kwenda peke yake. Akasema eeh. Nikajikuta mimi ndiye ninayebeba begi.

Mimi nina miaka ishirini na mbili. Mtandaoni nina wafuasi elfu kumi na nne, na wote nimewapata kwa kukejeli chakula cha watu. Unaposti sufuria yako ya maharage, mimi nakuja. Sikuwa nimewahi kutazama mechi ya besiboli hadi mwisho, na niliwahi kusema hadharani kwamba ni mchezo wa kusubiri uliovalishwa kofia.

"Unajua kuandika?" anko aliniuliza tukiwa njiani. Hilo lilikuwa baada ya kilomita mia moja na arobaini za kimya.

"Kuandika kitu gani?"

"Daftari."

"Anko, mimi najua kuandika 'jamani hii ni supu au maji ya kuoshea?' Hicho tu."

"Nafasi zina namba," akasema. "Anayerusha moja, anayedaka nyuma ya mpigaji mbili. Wa mbali katikati ni nane. Mpira ukipigwa juu yule wa katikati akiudaka, unaandika nane na herufi mbele yake. Kwenye mstari wa aliyepiga."

"Na nisipoona?"

Tulipita magodauni matatu ya mahindi ndipo akasema, "Utaona."

Tulilala hoteli ya kando ya barabara, asubuhi tukala mayai, saa nne tukawa getini. Mageti yanafunguliwa saa sita. Nilimpiga picha akiwa amesimama peke yake mbele ya geti lililofungwa, daftari kwapani, kofia mpaka kwenye nyusi. Nikaandika: *mteja wa kwanza wa besiboli duniani, tangu mwaka wa kwanza wa dunia.* Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, sijui kwa nini.

Kufika saa saba uwanja ulikuwa umejaa. Watu elfu tatu na nusu, mji mzima pamoja na jamaa zao wa miji ya jirani. Kinyago cha timu yao, mtu aliyevaa vazi la kambale mwenye masharubu ya mpira, alikuwa anazunguka anakumbatia watu, na baadhi walikuwa wanalia kwenye mapezi yake. Tulikaa nyuma ya mpigaji, safu ya nane. Spika ikaomba kila mwenye kumbukumbu na uwanja huu apige makofi. Safu nzima ikapiga. Anko alikuwa ananoa penseli.

Safu ya mbele yetu alikaa mama mmoja wa miaka sabini hivi, anaitwa Marlys. Jina nililijua haraka kwa sababu kila anayepita alimwita. Alikuwa na kengele ya ng'ombe, sahani ya mnofu wa nguruwe wa kukaanga mkubwa kuliko mkate wake, na daftari lake la mchezo. Alikuwa anaandika kwa kalamu ya wino.

"Wino," anko akaninong'oneza, kama mtu aliyemwona mwenzake anakula kwa miguu.

Mechi ikaanza. Wageni walikuwa Wafyatua Matofali. Anko aliandika pande zote mbili, wa wageni na wa wenyeji, na alipofungua ukurasa wa wenyeji kwa mara ya kwanza alikaa na penseli hewani kidogo. Kisha akaandika majina tisa, herufi ndogo zimenyooka kama sindano. Wa saba Ocanto, wa nane Trumbauer, wa tisa Fusco. Nayataja hayo matatu kwa sababu ndiyo yatakayoniua mbele.

Marlys alikuwa anamshughulikia refa. "We refa! Miwani umeiacha kwa nani?"

"Ameiweka rehani!" jamaa mmoja wa pembeni akadakia.

"Refa, nikutumie picha ya huo mpira? Umepita kifuani, wewe unaita chini ya magoti!"

"Mwacheni," mwingine akasema, "leo siku ya mwisho, hata yeye kesho hana kazi."

"Hiyo ndiyo habari njema pekee ya leo," Marlys akasema, akagonga kengele. Hata mimi nikacheka. Nikamwangalia anko. Alikuwa anaandika.

Sasa, kuna jambo la aibu kidogo. Anko alikuwa amekunywa kahawa vikombe vitatu asubuhi, na siku za anti Neva alikuwa anaenda chooni wakati wowote, kwa sababu macho ya anti yalikuwa yanabaki. Leo alijibana. Raundi ya kwanza goti moja lilikuwa linacheza. Raundi ya pili magoti yote mawili. Mapumziko kati ya raundi ni dakika mbili, na foleni ya choo ilikuwa imetoka mlangoni imefika kwenye kibanda cha karanga.

"Anko, nenda tu."

"Hapana."

"Anko, unatetemesha safu nzima. Watu wanadhani ni tetemeko."

Raundi ya tatu, zamu ya wenyeji, wawili walikuwa wameshatoka na hakuna mtu kwenye vituo. Wakitoka watatu raundi inaisha, kwa hiyo bado mmoja tu. Akanikabidhi daftari kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mtoto mchanga.

"Anayekuja ni Ocanto. Mstari huu. Kisanduku hiki."

"Sawa."

"Usiondoe macho."

"Anko, ni mtu mmoja. Nenda."

Akaenda, anatembea kwa hatua fupifupi za mtu mwenye siri.

Nataka niseme nilijitahidi. Nilitazama mirusho miwili. Kisha simu ikatetemeka. Jamaa mmoja wa Decatur alikuwa ameandika chini ya picha yangu ya anko kwamba mji wetu Lowder haujawahi kuupa ulimwengu kitu chochote zaidi ya viazi vya kuponda vyenye madonge. Mimi naweza kuukejeli mji wetu. Yeye ni nani? Nikaanza kumjibu. Lilikuwa jibu zuri. Nikiwa katikati nikasikia umati unasema "Oooo!" kwa pamoja, ile ya kuumia, na mtu nyuma akasema "pole, kijana." Sikuinua kichwa. Nilikuwa natafuta neno. Nikalipata, nikatuma, na hapo nikasikia mlio wa gongo. Nikainua macho, mpira uko juu kabisa, jamaa wa mbali katikati anarudi nyuma, anarudi, akaudaka. Wachezaji wakakimbilia ndani. Raundi imeisha.

Nikaandika nane, na herufi mbele yake, kwenye kisanduku cha Ocanto. Nadhifu. Nilijisikia fundi.

Ule mguno wa watu ulinikaa kichwani kidogo. Niliujua. Sitawadanganya nyinyi pia.

Anko akarudi. "Umeona yote?"

"Yote."

"Alipiga kwenda wapi?"

"Katikati. Kadakwa. Mbali kweli, mpaka karibu na ukuta."

Akalitazama daftari, akapitisha kidole juu ya ile nane yangu. "Mwandiko mzuri," akasema. Ilikuwa sentensi ya nne ya maisha yake.

Raundi ya nne. Wageni wakapiga, wakatoka. Wakaja wenyeji. Kwa daftari letu aliyefunga raundi iliyopita ni Ocanto, wa saba, kwa hiyo anayeanza sasa ni wa nane, Trumbauer. Spika ikasema: "Fusco." Wa tisa.

Anko akainua kichwa. Akalitazama daftari. Akatazama ubao mkubwa. Akalitazama daftari tena, akaweka kidole kwenye jina la Trumbauer. Mimi bado sikuwa nimeelewa.

"Wamemruka mtu," akasema taratibu.

"Anko..."

"Wamekosea zamu." Alikuwa anasimama. "Laney, wamekosea zamu! Miaka thelathini na moja! Hatujawahi kuiona!"

Kukosea zamu, kwa watu wa daftari, ni kama kuona kimondo mchana. Timu pinzani ikigundua na kusema kabla ya mrusho unaofuata, aliyerukwa anahesabiwa ametoka. Wanasimuliana hadithi za mtu aliyeiona mwaka fulani mji fulani. Na anko wangu, mtu wa sentensi tatu, alikuwa amesimama safu ya nane, kofia imeenda nyuma, uso mwekundu kama nyanya, anapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Refa! Wamemruka mtu! Wamemruka mtu! Trumbauer! Ni zamu ya Trumbauer!"

Watu wakageuka. Kocha wa Wafyatua Matofali akatoa kichwa nje ya kibanda chao kutazama huyo anayemsaidia ni nani. Refa, naapa, akainua mkono kusimamisha mchezo, akaingiza vidole mfukoni akatoa karatasi yake ya majina. Anko alikuwa anatabasamu. Sijui nisemeje. Uso wake ulikuwa umejaa kama chombo kilichowekwa maji.

Marlys akageuka na kalamu yake. "Kaka, nani karukwa?"

"Trumbauer! Raundi ya tatu amefunga Ocanto. Sasa ni Trumbauer. Wamemleta Fusco!"

"Ocanto hakufunga, kaka. Ocanto aligongwa na mpira kiwikoni, akapewa kituo cha kwanza, hakutoka. Aliyedakwa kule katikati ni Trumbauer." Akainua daftari lake. Wino mweusi, hauna ubishi. "Hukusikia watu walivyoguna?"

"Hapana," anko akasema. "Hapa imeandikwa..."

Alikuwa anatazama ule mwandiko mzuri.

Kule chini refa akarudisha karatasi mfukoni, akatikisa kichwa, akaashiria mchezo uendelee. Basi watu wakaachia vijembe.

"Mzee, kaa chini, hiyo ni soda tu unakunywa!"

"Mpeni Trumbauer nauli, mzee anamtaka!"

"Wamemrukaaa!" mtu akaimba juu kabisa, na safu nzima ikaitikia, "Mtuuu!"

Marlys akawageukia. "Nyamazeni huko, hakuna hata mmoja wenu anayejua kuandika jina lake!" Lakini walishaonja.

Anko akakaa. Akavuta kofia mbele. Uso wake ulirudi kama ulivyokuwa tangu Februari, na ulirudi haraka sana.

"Laney."

"Naam, anko."

"Ulimwona Ocanto?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningesema niligusa mstari usio wake, makosa ya mgeni. Alikuwa ananipa hata nafasi ya kusema hivyo, hakuwa ananitazama.

"Sikumwona. Nilikuwa kwenye simu."

"Trumbauer je?"

"Huyo nilimwona. Mwisho wake."

"Eeh."

Akachukua kifutio. Akaifuta nane yangu polepole, akapuliza vumbi la kifutio, akaiandika upya kwenye mstari wa Trumbauer. Kisanduku cha Ocanto kikabaki kitupu, kina doa la kijivu tu pale palipofutwa.

"Nakili kwangu, kaka," Marlys akasema kwa sauti ya chini, akasukuma daftari lake juu ya kiti. "Nimeyaona yote kwa haya macho mawili."

"Asante, dada. Sisi hatukuona."

Marlys akalirudisha daftari lake bila kubisha. Alidhani hiyo "sisi" ya anko ni anko na mimi. Sina uhakika.

"Anko, niliwasikia wakiguna," nikasema. "Kusikia si kama nusu?"

"Hapana."

"Hakuna mtu atakayejua."

Fusco alikuwa ameshapiga, na anko alikuwa ameshaandika.

Kufika raundi ya saba video ilikuwa mtandaoni. Kuna mtu alimrekodi kuanzia anasimama mpaka anakaa. *Mzee wa Wamemruka Mtu.* Watu mia nane walishaipenda, wanazidi. Nikafungua komenti. Ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha, niseme ukweli. Ningeiandika mimi. Ya pili pia. Nilisoma kama thelathini, halafu nikagundua simu imekuwa nzito, nikaiweka chini ya kiti na kuiacha pale. Kutoka hapo nilitazama kila mrusho. Ulikuwa mchezo wa kawaida kabisa. Kambale walikuwa wanafungwa.

"Mbona bado unaandika?" nilimuuliza raundi ya nane.

"Mechi haijaisha."

"Lakini haihesabiki tena."

"Eeh," akasema, akaandika.

Mtu wa mwisho alitoka saa kumi na dakika tano. Spika ikasema asanteni kwa miaka sitini na nne, sauti ya mtangazaji ikakwama, watu wakasimama. Kisha wakafungua mageti madogo ya pembeni, wakaruhusu watu washuke uwanjani na vikombe vya plastiki wachote udongo. Mji mzima ukashuka, watu wazima wamepiga magoti wanakwangua chini kwa vijiko vya aiskrimu. Kambale yule wa masharubu alikuwa amekaa kwenye kituo cha pili, amevua kichwa, ndani yake kuna msichana anajifuta jasho.

Sisi tulibaki safu ya nane. Anko alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari, ule wenye orodha. Viwanja kumi na tano, kila kimoja na tarehe, na mwishoni alama ya vema kwa mkono wa anti Neva. Mstari wa kumi na sita akaandika Pruitt Falls. Akaandika tarehe. Alifika kwenye sehemu ya vema, penseli ikakaa hapo. Nilikuwa nimeacha kupumua, mjinga mimi, kama vile kuna kitu cha kuamua.

Akalifunga daftari.

"Kumi na tano," akasema.

Marlys alikuwa anapanda ngazi taratibu na kikombe chake cha udongo. Akasimama mbele yetu. "Miaka arobaini nakuja hapa nangoja watu wakosee zamu," akamwambia. "Uliposimama nikasema Mungu ameniletea kabla hawajabomoa. Nilikuamini sekunde mbili nzima."

"Samahani, dada."

"Samahani ya nini? Umemtoa refa jasho. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona yule bwana akisoma." Akanitazama mimi, akaitazama simu yangu pale chini ya kiti. "Na wewe binti, siku nyingine kalia hicho kitu." Akaenda zake, kengele inagonga pajani kila ngazi.

Kwenye maegesho anko alinipa funguo, akazunguka kwenda kukaa upande wa abiria. Niliwasha gari lakini hatukuweza kutoka, kila mtu alikuwa anaondoka kwa wakati mmoja. Alikaa na daftari mapajani, anatazama kioo cha mbele. Mimi nilikuwa napanga jinsi ya kuomba radhi, na kila nilichopata kilikuwa na utani ndani yake, nikawa nakitupa.

"Anko, nisamehe."

"Neva naye aliwahi kukosa. Ohio."

"Lakini mlirudi."

"Tulirudi."

Gari la mbele likasogea kidogo, nami nikasogea. Yeye akafungua dirisha, akalifunga.

"Pale nilipodhani wamemruka mtu," akasema, "nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi ya kumsimulia."

Sikumuuliza nani.

"Nilikuwa nimefika pale refa anatoa karatasi mfukoni," akasema. "Hapo angenishika mkono. Angesema ngoja, ngoja, anza tena, aliitoa mfuko upi?"

Nilitaka kumwambia mfuko wa kushoto, kwa sababu hicho nilikiona, kwa macho yangu. Lakini sura yake haikuwa tena na chochote. Alikuwa anasoma namba ya gari lililokuwa mbele yetu.

Mtu wa koti la njano akatupungia tupite. Nikapita.